Mwanya wa Milimita Tatu

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya tatu, raba za mume wangu hazikuwa na mchanga.

Alikuwa ameziacha mlangoni. Nilizigeuza. Soli zilikuwa kavu, na kwenye mifereji yake kulikuwa na vumbi jeupe, laini kama unga. Mchanga wa ufukwe ule ni wa kahawia na chembe zake ni kubwa. Nilikuwa nimeuangalia siku ya kwanza.

"Ufukweni kulikuwaje?" nilimuuliza.

"Kuzuri," alijibu kutoka bafuni, mswaki mdomoni. "Upepo tu."

"Ulifika mbali?"

"Mpaka kwenye mawe kule mwisho, nikarudi."

"Peke yako?"

Mswaki ulisimama. "Na nani tena, Mtaalamu?"

Mtaalamu ni mimi. Ameniita hivyo tangu tulipooana, na kwa miaka tisa nimelichukua kama jina la mapenzi. Naongoza maabara ya hospitali. Watu huniletea damu, mkojo na makohozi, mimi nawaambia kilichomo. Sijawahi kumwambia mgonjwa ninachohisi.

Waliokuwa nami wiki zilizopita wanajua tulifikaje hapa. Asiyekuwapo anahitaji mambo machache tu.

Mume wangu ni fundi wa meno ya bandia. Aliniambia amepata nafasi ya kazi kwenye kliniki moja katika mji huu wa mapumziko, nchi ya watu, kando ya bahari. Akanileta kwa siku tano niuone. Kabla hatujaondoka natakiwa nimpe jibu: niache maabara yangu ya miaka kumi na moja na kumtoa binti yetu shuleni tuhamie huku, au tubaki. Kliniki yenyewe sijaiona. Alisema mwenye kliniki amesafiri, tutamkuta siku ya nne.

Siku ya kwanza begi langu lilipotea uwanja wa ndege. La kwake lilifika.

Siku ya pili nilifungua begi lake nitafute fulana ya kuazima. Mfuko wa ndani ulikuwa na kitu kizito kilichofungwa kwenye mtandio wangu wa kijani, ule niliodhani umepotea na begi. Nikaufungua.

Meno. Taya zima la juu, la plasta nyeupe, na meno mawili ya mbele yana mwanya.

Mimi sina mwanya. Mama anao, dada zangu wote wawili wanao, mimi nikarukwa. Siku mume wangu alipokuja kwetu mara ya kwanza, aliwatazama dada zangu midomoni muda mrefu mpaka shangazi akamuuliza kama amekuja kuposa au kukagua. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilicheka na mdomo nimeufunga.

Kwa hiyo yale meno niliyapima kwa rula yangu ndogo ya chuma. Mwanya, milimita tatu. Kutoka chonge hadi chonge, thelathini na tatu. Chonge la kushoto limegeuka kidogo kwa nje. Upande wa kulia, nyuma, pengo moja. Taya dogo, kwa makisio yangu la mwanamke. Nikalifunga kwenye mtandio na kulirudisha lilipokuwa.

Swali langu lilikuwa moja. Je, naacha kazi yangu kumfuata mume wangu, au naiacha kumfuata mtu ambaye naye anamfuata mwanamke?

Tangu hapo nilikuwa nikiwachekesha wanawake. Wa mapokezi nilimwambia kisa cha mgonjwa aliyeniletea makohozi kwenye chupa ya manukato. Alicheka vizuri. Meno yamebanana. Anayetandika vitanda alicheka pia, naye amevaa vyuma vya kunyoosha. Mume wangu alisema mbele ya watu kwamba hajawahi kuniona nimechangamka hivi, bahari imenifaa.

Saa tatu kasoro robo nilishuka kwa mama wa taulo.

Mama wa taulo ni mtu wa upande wa kwetu. Ana miaka kumi na tisa katika mji huu, na kazi yake ni kugawa taulo kwa wanaokwenda kuoga. Anakaa kwenye kibanda kinachotazama lango la hoteli, barabara na bahari, vyote kwa pamoja.

"Mdogo wangu," alisema kabla sijafika, "leo unataka taulo au unataka habari?"

"Kwani kuna habari?"

"Habari ipo. Kama moyo wako mwepesi, chukua taulo uende zako."

"Moyo wangu mzito."

Alikunja taulo moja, akaiweka juu ya nyingine, akazilinganisha pembe. "Bwana wako hapendi bahari, eh?"

"Kwa nini?"

"Kila siku saa kumi na mbili na nusu anapita hapa. Bahari ipo kulia, yeye anakwenda kushoto. Unaliona lile jengo la buluu lenye turubai? Wanalipaka rangi. Anagonga, anafunguliwa, anaingia. Dakika thelathini, thelathini na tano, anatoka anajipangusa mikono."

"Anafunguliwa na nani?"

"Mwanamke. Nywele fupi, wa makamo yako. Ana mwanya huo, mdogo wangu, akicheka ungesema dirisha limefunguliwa."

Nilitazama saa yangu, si kwa haja ya kujua saa.

"Anakuja kuogelea hapa kila siku saa nne," aliendelea. "Viti vile vya mwisho, karibu na ngazi. Utamwona mwenyewe, usije ukasema mimi ni mchonganishi."

"Na wewe mbona unaniambia?"

"Wa kwangu alinitenda mtaa mzima ukijua. Muuza mkaa alijua. Mwalimu wa watoto alijua. Mimi nikawa wa mwisho, tena niliambiwa kwa kuonewa huruma. Nikaapa sitamfanyia mwenzangu hivyo." Alinisogezea taulo. "Moja au mbili?"

"Mbili."

Nilipanda juu. Mume wangu alikuwa barazani amelala na kitabu kifuani. Niliposhuka nilipita mapokezi nikachukua matofaa mawili kwenye bakuli la wageni. Niliyachagua. Tofaa laini halishiki alama.

Saa nne na dakika nane mwanamke alitoka majini. Nywele fupi. Nilikuwa tayari nimekaa kiti cha jirani.

Nilimsalimu kwa lugha yetu, kana kwamba imenitoka bahati mbaya.

"Kumbe wa nyumbani!" alisema, akacheka.

Mwanya ulikuwapo. Kwa macho, kati ya milimita mbili na nne. Macho hayatoshi.

"Umekuja kupumzika?" aliniuliza.

"Siku tano."

"Na mzee?"

"Na mzee. Yuko juu, kalala."

"Mwache alale. Mwanaume akiwa amelala hana kosa."

Alikuwa mcheshi, na hilo lilinikera kuliko uzuri wake. Uzuri nilikuwa nimejiandaa nao. Nililiuma tofaa langu, nikamnyooshea la pili.

"Chukua. Nimebeba mawili, na mzee hapendi."

"Nina jino halijakaa sawa upande huu," alisema akigusa shavu la kulia. "Lakini nitauma kwa mbele."

Aliuma mara mbili. Simu yake ikalia, akasoma, akasimama, akaanza kukusanya vitu vyake. "Mafundi wa rangi hawa, ukiwaacha saa moja wanapaka mpaka vioo. Ahsante kwa tofaa, dada. Tutaonana."

Aliliacha juu ya meza ndogo. Nilisubiri apite lango. Kisha nikalifunga kwenye karatasi laini na kupanda chumbani.

Tofaa lililoumwa hubadilika rangi haraka, kwa hiyo nilifanya kazi bila kukaa. Nilifunga mlango wa bafu. Nilitoa lile taya begini, nikaliweka kando ya tofaa chini ya taa ya kioo. Mwanya kwenye tofaa, milimita tatu. Alama ya chonge la kushoto imeingia kwa kupinda, kwa nje. Nililishika taya kwa mtandio na kuliweka taratibu kwenye alama za kwanza.

Liliingia.

Nikapima tena. Kipimo ambacho hukukirudia si kipimo.

Saa sita juu ya alama, mume wangu aliamka. Mezani mbele yake, juu ya mtandio wa kijani, nilikuwa nimepanga taya, tofaa na rula.

Aliangalia kimoja kimoja. "Hii ni nini?"

"Nieleze wewe."

"Taya nalijua. Tofaa silijui."

"Tofaa limeumwa na mwanamke wa jengo la buluu. Saa nne na dakika kumi na tano. Linaingia kwenye taya hilo bila kubaki nafasi. Kila asubuhi unaingia kwake saa kumi na mbili na nusu, halafu unaniambia habari za upepo."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, akafuta macho kwa kiganja.

"Umemfanyia daktari kipimo cha tofaa?"

"Daktari yupi?"

"Mwenye kliniki, Mtaalamu. Mwajiri wangu. Nilisoma naye chuo. Ile kliniki ndiyo iko nyuma ya turubai."

"Ulisema amesafiri."

"Nilisema uongo." Aliacha kucheka. "Ana utaratibu wake. Haajiri fundi mpaka fundi amtengenezee yeye mwenyewe jino, alivae, alile nalo. Ana pengo upande wa kulia. Umeliona, umepima kila kitu. Ndilo jino ninalolitengeneza. Kama ningeshindwa sikutaka ushuhudie."

"Na taya kwenye mtandio wangu?"

"Plasta inakatika. Nilihitaji kitambaa laini. Mtandio uliusahau kwenye mkoba wangu ndani ya ndege."

Alilichukua taya, akaligeuza, akaniwekea kiganjani upande wa chini.

"Shika. Unasikiaje?"

Lilikuwa baridi. Lilikuwa na unyevu.

"Plasta niliyotoka nayo nyumbani ingekuwa kavu kama chaki. Hii niliimwaga jana asubuhi, hapo ng'ambo ya barabara. Wewe unayejua kila kitu kinachokauka na kwa muda gani, hukuigusa?"

Sikuigusa. Niliipima mwanya, upana, chonge na pengo. Nilishika rula kwa ncha za vidole kama mtu anayeogopa kuambukizwa, na sikuuliza swali ambalo mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza angeuliza: sampuli hii imechukuliwa lini? Vumbi jeupe la viatu nililiona pia. Nilikuwa nimeshaamua majibu kabla ya kipimo.

"Nisamehe," nilisema.

"Wivu wako una digrii," alisema, akanipiga busu kwenye paji la uso. "Wa wenzako unasoma simu. Wa kwako unakusanya matunda."

Nilicheka, safari hii mdomo wazi.

Tulikula chakula cha mchana tukiwa kama watu waliookolewa. Alivaa koti lake jipya, lile la kahawia nililowaeleza wiki mbili zilizopita, ambalo alisema amelinunua dukani. Lilimkaa mabegani kana kwamba alisimama ndani yake likishonwa. Vifungo vilikuwa vimeshikizwa kwa uzi wa zambarau. Niliuona uzi huo. Sikuuliza. Siku ile nilikuwa nimeshakosea mara moja, na mara moja inatosha kwa mtu wa kazi yangu.

Badala yake nilisema, "Jibu langu ni ndiyo. Tutahamia."

Uma wake ulibaki juu ya sahani. Nilihesabu bila kukusudia. Sekunde nne.

"Usiharakishe, Mtaalamu."

"Siku zimebaki mbili. Si wewe uliyetaka jibu?"

"Nilitaka ufikirie. Maabara yako je? Mtoto na shule yake? Wewe si mtu wa kuacha vitu."

"Nimeshafikiria."

"Sawa," alisema. "Sawa. Tutazungumza." Akaweka uma chini, akasema joto limezidi, anakwenda kuoga baharini. Safari hii alielekea kulia. Nilimfuata kwa macho mpaka maji yakamfika kifuani.

Nilibaki na deni la heshima kwa yule daktari. Nilikuwa nimemlisha tofaa kwa hila, nikamchukulia alama za meno bila ridhaa yake. Hospitalini kwetu mtu hufikishwa mbele ya kamati kwa jambo dogo kuliko hilo.

Saa tisa na dakika thelathini na tano nilivuka barabara, nikainua turubai, nikagonga.

Alifungua mwenyewe, amevaa koti jeupe lenye matone ya rangi.

"Dada wa tofaa!"

"Nimekuja kukuomba radhi," nilisema. "Sikujitambulisha asubuhi. Mimi ni mke wa fundi wako."

Aliweka mikono yote miwili mashavuni. "Wewe? Wifi yangu! Maana yule kwangu ni kaka, tumekula sahani moja chuoni miaka mitatu. Mbona hukusema? Umefika lini?"

"Siku ya kwanza. Tumefika pamoja."

"Pamoja?" Alikunja uso kidogo, kisha ukakunjuka. "Mwongo mkubwa yule. Aliniambia amekuja peke yake, wewe utafuata mwezi ujao. Na ukaniambia mzee amelala, kumbe mzee mwenyewe ndiye huyo. Alitaka kutustukiza wote wawili. Basi na sisi tumstukize. Njoo juu, lakini usimwambie nimekuonyesha."

Ngazi zilikuwa kumi na nane. Alipanda mbele yangu akizungumza.

"Nilipomwambia nitawapa nyumba ya juu, hakuomba friji, hakuomba nini. Ombi lake moja tu: chumba chenye dirisha la mashariki. Akasema mke wake hawezi kushona bila jua la asubuhi."

"Kushona," nilisema. Mimi hata kifungo kikikatika humpelekea fundi wa nguo.

"Usijishushe, wifi. Lile koti la kahawia nimelipindua mpaka ndani kutafuta kosa, sikuona. Nilimwambia, mtu mwenye mkono huu unamficha wapi? Na mimi nguo zangu zote za kazini utanishonea wewe, ujiandae."

Maabara hufundisha jambo moja kabla ya mengine yote. Mgonjwa akianza kueleza, usimkatize. Sikumkatiza.

Alifungua mlango. Jiko dogo, bafu, chumba kimoja cha kulala. Kitanda kimoja. Sisi ni watatu, na wa tatu ana miaka minane.

"Na huku ndiko," alisema.

Chumba kilikuwa cheupe, kimepakwa rangi karibuni. Chini ya dirisha palikuwa na meza ya mbao mpya, na juu ya meza cherehani nyeusi, imefutwa vumbi. Haikuwa mpya. Mbao ya kitako chake ilikuwa imechakaa mahali pamoja, upande wa kulia, panapolala kiganja.

"Imefika juzi," daktari alisema. "Imemtangulia mwenyewe. Mafundi wangu waliibeba kama bibi harusi. Nimeona hata uzi uliokuwamo hujautoa."

Nilisogea. Uzi kwenye sindano ulikuwa wa zambarau.

"Keti, wifi, ujaribu," alisema, akanivutia kiti. "Kiti na meza vyote vimetengenezwa hapa. Vipimo alivileta mwenyewe, kaviandika kwenye karatasi, mpaka urefu wako kutoka gotini hadi chini. Nikasema kweli huyu anampenda mkewe."

Saa kumi kasoro dakika nne nilikaa. Magoti yangu yaligonga mbao ya chini ya meza. Vipimo vile vilikuwa vya mwanamke mfupi kuliko mimi.